Jengo la Hajati na Joto la Saa Tisa

Hebu mwone Penina Ndahani akifika kazini. Ni saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tisa, na bodaboda imemshusha Majengo, Dodoma, mbele ya jengo la ghorofa nne lenye ukuta mzima wa kioo upande wa magharibi. Amevaa sweta zito juu ya ovaroli. Begani ana mkoba wa spana na geji za gesi. Kifuani, ndani ya kitenge, amefunga kitu kwa uangalifu kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Mama mmoja anayesubiri usafiri anamsogelea.

"Ana miezi mingapi?"

"Ana miaka sita," Penina anasema. "Hanyonyi huyu. Anakula umeme."

Ni kompyuta mpakato ya mkono wa pili. Herufi moja imebanduka na bawaba inashikiliwa na gundi. Hawezi kuiacha nyumbani Nkuhungu, maana watoto wake wawili wataigeuza sinema, na hawezi kuitia kwenye mkoba pamoja na spana, maana spana hazina adabu. Kwa hiyo anaibeba kifuani. Mlinzi, Mzee Kefa, anamfungulia geti, wanaamkiana kwa Kigogo, na Penina anasimama pale pale getini akitetemeka kwa baridi. Kisha anakunja uso, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka.

Tumwache hapo getini kidogo. Nikwambie kwanza alikotoka, maana ukimkuta tu akitetemeka na kompyuta kifuani hutamwelewa.

Penina alizaliwa Haneti, binti wa nne wa mkulima wa mtama na alizeti. Shuleni hakuwa wa mbele wala wa nyuma, ila alikuwa na tabia moja iliyowachosha walimu: hakubali jibu mpaka aone limetoka wapi. Alipokwenda kusomea ufundi wa majokofu na viyoyozi, wasichana darasani walikuwa wawili, na mwenzake aliolewa kabla ya mtihani. Mwalimu wao wa vitendo alikuwa na sheria moja. Huwezi kujua kama kiyoyozi kina gesi ya kutosha kabla hujajua hewa ya nje ina joto gani saa hiyo. Kwa hiyo kabla ya kufunga geji, pima hewa ya nje, andika. Wenzake waliandika mpaka mtihani ulipokwisha. Penina hakuacha. Kila alipopanda juu ya paa la mtu, asubuhi au alasiri, aliandika tarehe, saa, na joto la nje. Alipoajiriwa kuangalia viyoyozi na umeme wa jengo hili alikuja na madaftari manne. Sasa yako saba. Mumewe amewahi kumuuliza kama watoto watarithi shamba au madaftari.

Na kompyuta? Hiyo ilianzia kwenye semina ya mafundi, ya siku nne. Mhadhiri kijana aliwaonyesha ukutani jengo lililochorwa kwa kompyuta. Ukiliambia unene wa kuta zake, aina ya kioo, idadi ya watu waliomo na saa wanazoingia na kutoka, lenyewe linakwambia kila chumba kitakuwa na joto gani na kitakula umeme kiasi gani, saa kwa saa, mwaka mzima. Wasomi huita simulesheni. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana na mafundi wengi walikuwa wanasinzia. Penina akanyoosha mkono.

"Ukiutoa ule ukuta, litajua?"

Mhadhiri akautoa. Namba zote zikabadilika. Penina akamwomba aurudishe, kisha autoe tena, kisha aongeze dirisha, mpaka fundi aliyekaa jirani yake akamvuta shati na kumwambia amwache mtoto wa watu apumue.

Programu yenyewe ilikuwa ya bure. Kilichomgharimu ni miezi minane ya video, na kamusi ya Kiingereza kando, na majengo ya majaribio yaliyotoka na joto la nyuzi mia mbili kwa sababu alikosea nukta. Aliyafuta, akaanza upya. Hakuna aliyemtuma. Alipenda tu kuona namba zikibadilika na kujua kwa nini.

Jengo ni mali ya Hajati Mwanamvua, mwenye duka la vitambaa ghorofa ya chini. Ukoo wake uliingia nchi hii na misafara ya biashara, ukapumzika Mpwapwa siku mbili na haujaondoka mpaka leo. Ule ukuta wa kioo ndio fahari yake. Jua likielekea kuzama jengo zima huwaka dhahabu, na mtu anayeingia mjini kwa barabara ya Singida huliona akiwa mbali. Hajati alipolijenga hakujua, na hakuna aliyemwambia, kwamba watu walioko nyuma ya dhahabu hiyo wanaiva.

Walioiva zaidi walikuwa ghorofa ya tatu, ofisi ya bima yenye wafanyakazi arobaini. Mwezi wa kumi na moja mwaka uliopita, saa tisa alasiri, joto lilifika nyuzi thelathini na mbili humo ndani, viyoyozi vyote vikiwa vimewashwa. Watu walijipepea na fomu za madai mpaka fomu zikaisha. Sasa msimu ulikuwa unarudi, na meneja wao, Bwana Gerson, aliyehamia kutoka Dar es Salaam na mazungumzo yake yote, alishuka dukani kwa Hajati akiwa na barua mkononi.

"Hajati, mimi joto nalijua, nimezaliwa nalo," alisema. "Lakini joto la kwetu lina aibu kidogo, likikuchosha linakuletea upepo wa bahari kukuomba radhi. Hili la kioo chako halina hata hiyo aibu. Weka ile mashine kubwa ya kupoza jengo zima juu ya paa, au sisi tunahama."

Kodi ya ghorofa ile ndiyo iliyokuwa ikilibeba jengo. Hajati akamwita Penina, akamuuliza kama mashine kubwa ndiyo dawa ya kweli. Penina akaomba wiki mbili ajibu.

Wiki hizo mbili alipima kila kitu. Mzee Kefa alimshikia ncha ya futi kamba. Alihesabu madirisha, kompyuta, taa, birika la chai la wahasibu na friji ya siri ya idara ya madai. Akaingiza yote, akalijenga jengo la Hajati upya ndani ya kompyuta yake. Programu ikamuuliza swali la mwisho: jengo hili liko wapi? Kwenye orodha ya hali ya hewa, nchi yetu ilikuwa na mji mmoja tu. Akauchagua huo huo, akabonyeza.

Jibu likatoka. Mashine kubwa inahitajika. Kufungua madirisha usiku ili jengo lipoe hakusaidii kitu, maana hata alfajiri hewa ya nje ni nzito na ya moto. Penina akampelekea Hajati jibu hilo Ijumaa. Hajati akasema Jumatatu atapiga simu kuagiza.

Kesho yake ndiyo Jumamosi ile. Sasa unaelewa kwa nini amesimama getini amekunja uso. Anatetemeka kwa baridi, na jana kompyuta yake imemwambia kwamba saa kumi na mbili asubuhi, mwezi huu huu, mtu hapa anatoka jasho.

Hakupanda hata ngazi. Alikaa kwenye kiti cha mlinzi, akafungua daftari la saba. Nyuzi kumi na sita. Daftari la tano, mwezi kama huu, kumi na saba. Akafungua kompyuta. Ishirini na tatu.

"Kuna nini?" Mzee Kefa akauliza.

"Baba, nimelijenga jengo la Hajati tofali kwa tofali, halafu nimelisimika Dar es Salaam."

Kefa akalitazama jengo, lilikuwa bado lipo.

Dukani, Hajati alikuwa anakunja majora ya vitambaa.

"Shikamoo Hajati."

"Marahaba mwanangu. Mbona una uso wa mtu aliyevunja sahani za wageni?"

Penina akamweleza yote bila kujitetea. Kwamba jibu la jana lilikuwa la mji mwingine. Kwamba huku kwetu mchana ni mkali lakini usiku unashuka, na tofauti hiyo ni utajiri ambao jengo hili linaulaza nje ya mlango. Kwamba hajui jibu la kweli bado, ila anajua lile la jana si lenyewe.

Hajati aliendelea kukunja. "Nina namba ya watu wa mashine hapa. Nisipige?"

"Usipige."

"Na ukikosea tena?"

Penina alikuwa na watoto wawili shuleni, na kazi nyingine ya namna ile hakuwa nayo mfukoni. "Nikikosea tena, hao wa bima wakiondoka, na mimi niondoke nao siku hiyo hiyo."

Hajati akalaza jora juu ya mengine. Akasema hilo neno amelisikia na ataliweka.

Bwana Gerson alipoambiwa alicheka mpaka akavua miwani. "Sisi tulipohamishiwa Dodoma tulipewa posho ya uhamisho. Hiyo kompyuta yako nayo wameilipa?" Lakini hakuwa mtu mbaya, na kuhamisha watu arobaini ni mzigo. Akatoa sharti. Ijumaa ya tarehe kumi na tano Novemba, saa tisa alasiri, wakati wa joto kali kuliko wote, ataweka kipimajoto chake mwenyewe mahali atakapopenda yeye. Kikisoma nyuzi ishirini na saba au chini yake, anasaini mkataba wa miaka mitatu. Kikizidi, wanafungasha.

Kwa hiyo kumbuka namba hiyo, ishirini na saba. Penina aliiandika kwa kalamu nyekundu kwenye mfuniko wa kompyuta.

Alikwenda ofisi ya hali ya hewa na barua ya Hajati, wakampa joto, upepo na jua la Dodoma, saa kwa saa. Mwaka una saa elfu nane na mia saba sitini. Zilikuja kwa mpangilio ambao programu yake haikuujua, na kuzigeuza kulimchukua karibu wiki tatu, saa za chakula cha mchana na za alfajiri kabla watoto hawajaamka. Kila alipomaliza mwezi alilinganisha na madaftari yake. Zilipokubaliana alijisikia kama mtu aliyeitwa kortini kama shahidi na kukuta shahidi mwingine ameshasema vile vile.

Akaliondoa jengo Dar es Salaam. Akabonyeza.

Safari hii lilijibu kama jengo analolijua. Ghorofa ya tatu saa tisa alasiri ikasoma thelathini na mbili na nusu, karibu sawa na kipimajoto cha mwaka uliopita. Hapo ndipo alipoanza kuliamini. Kisha akaliuliza joto lile linatoka wapi. Watu na vifaa vyao walileta sehemu ndogo. Sehemu kubwa iliingia kwa ule ukuta wa kioo, kuanzia saa nane mchana. Na sehemu ya tatu, ambayo hakuitarajia, ilitoka ndani ya zege lenyewe. Sakafu na dari zilikuwa zinanywa joto mchana kutwa, halafu jengo linafungwa madirisha yote jioni, na asubuhi zege linaamka bado na joto la jana. Viyoyozi vilikuwa vinapigana kila siku na siku iliyopita.

Sasa likaja lile alilolipenda. Katika siku nne alijaribu mambo arobaini na moja bila kugonga msumari mmoja. Alipaka paa rangi nyeupe. Akabadilisha kioo. Akatundika mapazia mazito aliyonunua Bwana Gerson kwa fahari, yakashusha nyuzi moja tu, maana jua likishapita kioo limeshaingia, pazia linalikaribisha tu. Lakini alipoweka kivuli nje ya kioo, joto liliporomoka nyuzi tatu na zaidi. Na alipofungua madirisha ya mashariki na ya ngazi kuanzia saa moja jioni mpaka alfajiri, ili baridi ya usiku ipite juu ya zege, likashuka tena. Vyote viwili pamoja, na viyoyozi vya zamani vikifanya nusu ya kazi yao: ishirini na sita na pointi tatu.

Kupata madirisha kulikuwa rahisi. Kupata kivuli kulihitaji Hajati.

"Fremu za chuma," Penina alimwonyesha kwenye kioo cha kompyuta, "na mapande ya bati jeupe yamelazwa hivi, kama kope. Mtu wa ndani anaona barabara. Jua la jioni halimwoni yeye."

"Yaani kioo changu kinachoonekana kutoka barabara ya Singida nikifumbishe macho."

"Kisinzie, Hajati. Kisifumbe."

"Nilijenga ili kiwake."

"Kinawaka. Ndiyo maana watu wanahama."

Hajati akaiangalia ile picha, ghorofa ya tatu iliyokuwa nyekundu ikigeuka kijani kila Penina alipobonyeza. Akamwambia arudie. Penina akarudia. Akamwambia arudie tena. Kisha akauliza kama hizo kope zinaweza kupakwa rangi ya dhahabu. Penina akajaribu pale pale. Dhahabu iliongeza nusu nyuzi. Wakakubaliana nyeupe, na ukingo wa chini mstari mmoja wa dhahabu, ambao kompyuta haikuusikia kabisa.

Mafundi wa kuchomelea walimaliza tarehe tatu Novemba. Madirisha yakaanza kufunguliwa jioni. Na tarehe tisa, saa tisa alasiri, Penina akapanda ghorofa ya tatu akiwa na matumaini yake yote, akasoma kipimajoto. Ishirini na nane na pointi saba.

Bwana Gerson alikuwa amesimama nyuma yake. Hakucheka safari hii, na hilo lilimuumiza zaidi. "Bado siku sita, dada Penina," alisema kwa upole. "Nimewaambia vijana waanze kutafuta maboksi."

Wewe ungefikiri nini? Mtu mwingine angesema kompyuta imedanganya, basi. Penina alikaa na ile tofauti ya karibu nyuzi mbili na nusu kama unavyokaa na mtoto anayekohoa, unamuuliza inauma wapi. Kivuli kilikuwa kinafanya kazi, alikigusa kioo kwa mkono na hakikuwa cha moto. Basi kosa liko usiku. Alikuwa na vipimajoto vidogo viwili vinavyojiandikia kila robo saa. Akaviacha kwenye zege la dari, akaenda nyumbani.

Asubuhi alisoma mstari wao. Kuanzia saa moja jioni joto lilishuka vizuri, likishuka, likishuka, mpaka saa mbili na nusu. Hapo likasimama pale pale, kama mtu aliyefungiwa mlango.

Mzee Kefa alikuwa anamaliza zamu, anakunja koti lake. Penina akamwamkia, akamwonyesha ule mstari.

"Baba, saa mbili na nusu kuna kitu kinatokea."

Kefa akautazama mstari kwa heshima. "Hiki kidude kimeniona?"

"Kimeona madirisha."

"Mwanangu, mimi nimeajiriwa kufunga. Miaka ishirini na mbili ya ulinzi nafunga. Mlinzi anayeacha dirisha wazi anaitwaje?"

Kabla Penina hajajibu, sauti ikatoka ngazini. Ilikuwa Joha, mfanya usafi, ndoo mkononi.

"Msimlaumu mzee, mimi ndiye niliyemwomba. Siku ya kwanza mliyoacha madirisha wazi nilikuta meza za watu wa bima zimekuwa shamba. Unaweza kupanda karanga. Bosi wao kapitisha kidole, kaniangalia. Kaniangalia hivi, Penina. Wewe kompyuta yako inajua vumbi la Dodoma?"

Penina akasema ukweli, kwamba haijui. Alikuwa ameiambia kila kitu isipokuwa vumbi, na vumbi ndilo kila mtu wa mji huu analifungia dirisha jioni, tangu bibi yake na bibi wa bibi yake. Alilelewa nalo, akalisahau.

"Vumbi linakuja saa ngapi?" aliuliza.

Joha akatua ndoo. Hakuna aliyewahi kumuuliza. "Hilo ni la jioni. Upepo unasukuma na magari yanatimua kule kwenye barabara ya udongo. Ikifika saa nne, magari yamelala, upepo unapungua."

"Saa tano," Kefa akasema. "Mimi ndiye ninayekaa nalo. Saa tano unaweza kula wali nje. Na si madirisha makubwa, fungua yale madogo ya juu. Vumbi linatambaa chini, ni zito."

Penina alishafungua kompyuta juu ya ngazi. Akafunga madirisha makubwa. Akafungua madogo, saa tano usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Saa nne zimepotea, hewa imepungua. Joha na Kefa wakainama kila mmoja bega lake, wakisubiri kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani wa mtoto wao. Kompyuta ile ya zamani ilichukua dakika sita.

Ishirini na sita na pointi tisa.

"Hiyo ni nzuri?" Joha akauliza.

"Ni pointi moja chini ya maboksi."

"Basi ni nzuri."

"Ila zege halipoi usiku mmoja, baba," Penina alimwambia Kefa. "Unalijua tembe, nyumba yetu ya paa la udongo. Ukifunika paa kwa udongo wa baridi asubuhi, mchana bado linakumbuka. Ukilipasha moto, linakumbuka moto. Hili nalo lina miaka tisa ya kukumbuka moto, nalo lina usiku tano tu za kusahau."

Kefa akavaa tena koti alilokuwa amelikunja. "Niandikie hizo saa. Kwa herufi kubwa."

Kuanzia siku hiyo mlinzi aliyeajiriwa kufunga alianza kufungua, madirisha ishirini na nane madogo, moja baada ya jingine, na saa kumi na mbili asubuhi anayafunga. Joha alibuni lake: kabla ya kuondoka jioni alifuta vizingiti kwa kitambaa chenye maji ili vumbi lililolala lisiamke. Tarehe kumi na moja, ishirini na nane kamili. Kumi na mbili, ishirini na saba na pointi sita. Kumi na nne, ishirini na saba na pointi moja. Penina hakula vizuri wiki hiyo. Mumewe akasema afadhali kipindi cha mimba.

Ijumaa ilipambazuka bila wingu. Saa nane mchana hewa ya nje ilikuwa nyuzi thelathini na tatu, na mbwa wa sokoni walikuwa wamelala chini ya matoroli. Saa tisa kasoro dakika kumi, Hajati alipanda ngazi zote tatu kwa miguu, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu siku ya ufunguzi. Joha alisimama mlangoni na ndoo yake. Mzee Kefa, ambaye zamu yake ilikuwa imekwisha asubuhi, alikuwa hajaenda nyumbani.

Bwana Gerson alitoa kipimajoto mfukoni. Alitembea nacho ofisi nzima, akakataa katikati, akakataa karibu na mlango, akakiweka kwenye kona ya magharibi, kwenye meza ya dada wa madai ambaye mwaka uliopita aliomba uhamisho kwa ajili ya kona hiyo. Akasema wasubiri dakika kumi. Watu arobaini wakaacha kuandika.

"Mbona mnanyamaza?" alisema. "Hiki hakipimi kelele."

Hakuna aliyecheka. Dakika kumi ni nyingi sana ukizikalia. Dada wa madai, aliyekuwa karibu zaidi na kipimajoto, alijisahau, akachukua mtandio wake kwenye kiti akajifunika mabega.

Bwana Gerson alimwona. Akautazama mtandio, akamtazama mwenyewe. "Wewe unafanya nini?"

"Nasikia baridi kidogo, bosi."

Hapo ndipo kicheko kilipoanza, kikaenda meza kwa meza mpaka kwa wahasibu. Bwana Gerson aliinua kipimajoto, akakisogeza kwenye miwani, akakisoma kwa sauti kwa sababu ni mtu wa haki. Ishirini na sita na pointi sita. Akampa Hajati akisome. Hajati akampa Penina. Penina akatoa daftari la saba, akaandika tarehe, saa, na namba hiyo, akafunga kalamu.

"Kompyuta ilisema pointi tisa," Bwana Gerson akamchokoza. "Imekosea tena."

"Haikumjua Joha na kitambaa chake," Penina akasema.

Mkataba ulisainiwa juu ya meza ile ile ya kona. Hajati alishuka ngazi polepole akiwa amemshika Penina mkono, akisema alhamdulillahi kila kituo, na chini dukani akawakatia Penina, Joha na mke wa Mzee Kefa vitenge vya sare. Mwisho wa mwezi umeme wa jengo zima ulikuwa umepungua karibu theluthi. Ofisi ya ghorofa ya pili nayo ikaomba kope.

Yako mengi tangu hapo. Yule mhadhiri kijana wa semina alimpigia simu akimwomba lile faili la hewa ya Dodoma, lile alilolitengeneza saa za chakula cha mchana, na sasa wanafunzi wake wanapofika kwenye swali la mwisho, jengo liko wapi, orodha ina mji mwingine. Alimwalika aje kuwafundisha siku moja. Penina alikwenda na ovaroli yake. Mwanafunzi mmoja alimuuliza mbona kwenye hesabu zake kuna mstari ulioandikwa vumbi. Alilijibu swali hilo saa nzima, na hakuna aliyesinzia. Wenye majengo wengine watatu wamemwita, na mmoja alikuwa tayari ameshalipia mashine kubwa. Akairudisha ikiwa bado kwenye mbao zake.

Na wiki iliyopita Hajati alimpakia kwenye gari, akampeleka Nzuguni, akamsimamisha katikati ya kiwanja kitupu chenye vichaka na vigingi vinne.

"Lile la kwanza nililijenga, halafu wewe ukalitibu," alimwambia. "Hili sijamwita mchoraji, sijamwita fundi. Nimekuita wewe kwanza. Kompyuta yako inasemaje?"

Penina alicheka, akasema bado haijasema kitu, haijaulizwa. Akavua viatu, akaizunguka ile ardhi nzima kwa miguu, akiangalia jua lilipo, upepo unapotokea, na barabara ya udongo iko upande gani. Mbele yake hapakuwa na ukuta hata mmoja wa kusahihisha.

Wewe ungekuwa ndiye uliyesimama pale, ungeanza na ukuta upi?